Filamu ya shujaa inaporuka, tuulize kilichokatwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Ndizo zinazojaza vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, vya Mwanjelwa, Uyole na Kihesa, na kwenye maduka ya kuingizia muvi kwenye flashi ndizo zinazoulizwa kwanza. Watu wakitoka kuzitazama husema "inaruka ruka" au "inachosha", mjadala ukaishia hapo. Kwa mtu anayefanya kazi ya kuhariri picha, hayo ni magonjwa mawili, na dawa ya moja huuzidisha ugonjwa wa pili.

Tuanze na kasi, maana inalaumiwa bure. Filamu ya sinema hupita fremu, yaani picha tuli, 24 kwa sekunde. Shoti (kipande kimoja kati ya mkato na mkato) ya fremu 12 ni nusu sekunde, na jicho linaisoma vizuri kabisa mradi linajua litazame wapi. Ngumi ikitoka kushoto kwenda kulia, mwisho wa shoti jicho la mtazamaji liko kulia mwa skrini. Shoti inayofuata ikianza na uso wa adui palepale kulia, mkato hauhisiwi. Uso huo ukiwa kushoto, jicho linahitaji takriban sehemu ya tano ya sekunde kuuhamia, yaani kama fremu 5. Katika shoti ya fremu 12, karibu nusu imepita bila kuonwa. Zipange shoti kumi za namna hiyo mfululizo, na mtazamaji hajui tena nani kampiga nani, ingawa kila shoti peke yake ni safi.

Ndiyo maana wahariri wengi wa mapigano hawaunganishi ngumi pale ilipoishia hasa. Hukata mkono ukiwa katikati ya mwendo, kisha shoti ya pili hurudia fremu 2 au 3 za mwendo uleule, kwa sababu jicho hupoteza kitu kidogo kila picha inapobadilika. Kamera nayo isivuke mstari unaowaunganisha wapiganaji wawili. Ikivuka bila shoti ya kuonyesha inavyozunguka, aliyekuwa anatazama kulia sasa anatazama kushoto, na ngumi yake inaonekana kama ya adui yake. Kwa mashujaa wanaoruka angani tatizo ni kubwa zaidi, kwani angani hakuna mlango, ukuta wala barabara ya kumwonyesha mtazamaji upande.

Kwa hiyo kasi inatibika kwa kanuni zinazojulikana. Kinachoziharibu filamu hizi kwa kiwango kikubwa ni kukata sababu na kubakiza matokeo.

Filamu ya Justice League ndiyo ushahidi wa wazi, kwa kuwa ipo katika sura mbili. Ile iliyoingia kumbi za sinema Novemba 2017 ina dakika 120. Studio ilitaka isizidi saa mbili. Ile ya Zack Snyder iliyotoka Machi 2021 ina dakika 242. Katika zote mbili, tazama sanduku la mwisho kati ya yale matatu yenye nguvu ambayo adui, Steppenwolf, anayasaka. Katika ile fupi, mashujaa wanamfufua Superman, vurugu inatokea, na sanduku ambalo dunia nzima inategemea lifichwe limeachwa nje bila mlinzi, Steppenwolf analichukua. Mtazamaji anawaona mashujaa kama wazembe. Katika ile ndefu, Silas Stone, baba yake Cyborg, mmoja wa mashujaa, anajifungia na sanduku hilo katika chumba cha maabara, analipasha joto kali kwa miale, naye anakufa palepale mbele ya macho ya mwanawe. Adui analichukua, lakini joto lile ndilo linalowawezesha mashujaa kujua alikokimbilia. Tukio moja linafanya kazi tatu: linaeleza sanduku lilivyopotea, linaeleza adui alivyopatikana, na linampa Cyborg kilio chake. Ukilitoa, unalazimika kutafuta maelezo matatu mengine, na ile fupi haikuwa na nafasi ya hata moja.

Hatusemi ndefu ni bora kila mahali. Ile ya dakika 242 ina mwendo wa taratibu hata pale ambapo hakuna la kutafakari, na ikipunguzwa nusu saa haitaumia. Ila nusu saa hiyo ichukuliwe kwenye mapambo, viungo vya hadithi viachwe.

Mfano wa pili unatugusa Waafrika moja kwa moja. Batman v Superman ya mwaka 2016 ilionyeshwa kumbini ikiwa na dakika 151, kisha likatoka toleo refu la dakika 182. Mapema katika hadithi tunafika Nairomi, nchi ya Afrika iliyobuniwa, ambako watu wanauawa na lawama inamwangukia Superman. Katika toleo la kumbini, waliouawa wamepigwa risasi. Watazamaji wengi waliuliza swali la haki: Superman anahitaji bunduki tangu lini? Toleo refu linajibu. Mamluki wanaichoma miili ili ionekane kazi ya mtu mwenye moto machoni, na mwanamke anayetoa ushahidi dhidi yake baadaye anakiri kwamba alifundishwa la kusema na kutishwa. Bila vipande hivyo, sehemu nzima ya Afrika inabaki kelele za mwanzo tu, na ugomvi wa saa mbili zinazofuata unasimama hewani.

Kwa nini wenye fedha na utaalamu wote ule wanafanya hivi? Sababu ya kwanza ni hesabu ya ukumbi. Chukua ukumbi unaofunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 6 usiku: dakika 840. Filamu ya dakika 120, pamoja na nusu saa ya kuingia na kufagia, inaonyeshwa mara 5. Ya dakika 182 inaonyeshwa mara 3.

Sababu ya pili haizungumzwi sana. Katika filamu hizi, shoti nyingi hukamilishwa kwa kompyuta, na kila fremu ina gharama. Mhariri hukata kwanza akiwa na picha ghafi, mwigizaji mbele ya pazia la kijani au la buluu, na mara nyingi katuni ya muda mahali pa zimwi. Shoti hupelekwa kwa mafundi ikiwa na urefu uliokwisha kuamuliwa na ziada kidogo, kawaida fremu 8 hivi kila upande. Miezi baadaye zimwi linarudi limekamilika, zito, lenye maelezo mengi ambayo jicho linahitaji muda kuyaona. Mhariri anaona shoti ni fupi mno. Lakini ana fremu 8 tu za kurefusha kila upande, yaani theluthi moja ya sekunde. Basi inabaki vilevile. Mapigano mengi ya mwisho ya filamu za mashujaa yanaonekana yamekatwa kwa pupa kwa sababu hii hasa: mdundo uliamuliwa kabla ya picha kuwapo.

Ya tatu ni trela. Trela inauza hisia kwa dakika mbili na nusu, wimbo ukibeba picha. Filamu ikihaririwa kwa mtindo huo inachoka mapema. Suicide Squad ya 2016, ambayo gazeti la The Hollywood Reporter liliandika kuwa kampuni ya kutengeneza trela ilihusishwa katika kuihariri, inawatambulisha wahusika kwa nyimbo mfululizo, na baadhi yao wanatambulishwa mara mbili. Slipknot hapati hata mara moja ya maana. Anatokea wakati wenzake wanapanda helikopta, anajaribu kutoroka, bomu shingoni mwake linalipuka. Hakuna aliyeshtuka. Asiyepewa historia katika kundi lile tulijua kaletwa afe, na mkato wenyewe ndio uliotuambia.

Sasa tazama ilivyofanywa vema. Black Panther ya 2018 ina dakika 134, na ndani yake kuna mapigano mawili ya kugombea kiti cha ufalme kwenye maporomoko ya maji. La kwanza, T'Challa na M'Baku, ni la kufundisha: tunaonyeshwa mfalme akinyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu, tunasikia kwamba pambano huisha kwa kukubali kushindwa au kwa kifo, tunaona M'Baku akikubali. Kwa hiyo Killmonger anapokuja kugombea, hakuna anayesimamisha hadithi kueleza sheria. Mikato inaweza kwenda mbio inavyotaka, kwa sababu kila mtazamaji anajua kinachoweza kupotea. Na katika mapigano ya kasino huko Busan, wahariri na mafundi waliunganisha vipande kadhaa vionekane kama shoti moja inayopanda na kushuka ghorofani, nasi hatupotezi hata mara moja alipo T'Challa, alipo Okoye, alipo Nakia.

Dereva wa lori anayekuja Iringa kutoka Mikumi hashiki gia ndogo akiwa katikati ya Kitonga. Huishika chini, kabla mlima haujaanza. Filamu nayo inapunguza mwendo kabla ya pigano, ili pigano lenyewe lipande bila kukwama. Studio nyingi hukata hapo chini, kwa sababu ndipo panapoonekana "hakuna kinachotokea". Walter Murch, mhariri mkongwe wa Marekani, alipopanga mambo sita ya kuzingatia katika kila mkato, aliipa hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, mwelekeo wa jicho 7, na mawili ya mwisho, mpangilio wa picha kwenye skrini bapa na nafasi halisi ya wahusika mahali walipo, 5 na 4. Ukilazimika kupoteza, unaanza kutoa chini ya orodha hiyo. Nairomi na lile sanduku zimekatwa kutoka juu.

Kwetu huku filamu hupita mikono mingine miwili kabla ya kutufikia. Wa kwanza ni televisheni. Mfumo wetu hutumia picha 25 kwa sekunde, na filamu ya 24 mara nyingi huchezwa kwa 25, hivyo inakwenda haraka kwa asilimia 4 na kitu. Dakika 120 zinakuwa 115 na sekunde 12. Dakika 151 zinakuwa 145. Huo si ukataji, na mtazamaji asiilaumu stesheni kwa hilo. Zidisha urefu rasmi kwa 0.96; pungufu ya hapo, ukitoa matangazo na majina ya mwisho, ndiyo iliyokatwa. Tumeona wapangaji wa vipindi wakitoa mazungumzo na kuacha mapigano ili waingie kwenye taarifa ya habari. Tunawasihi wafanye kinyume: pigano la dakika 12 likipunguzwa 3 linabaki kueleweka, lakini mazungumzo ya sekunde 40 yanayoeleza sababu yakitoka, hayana mbadala.

Mkono wa pili ni wa DJ anayetafsiri. Kazi hii tunaiheshimu sana, kwani imemfungulia filamu bibi wa Tukuyu asiyejua neno la Kiingereza. Tatizo ni ukimya. Mhariri akiacha sekunde 3 bila neno baada ya mtu kufa, hizo ni sekunde za mtazamaji kupokea msiba. DJ akizijaza kwa utani, filamu inakuwa imerukwa hata kama hakuna fremu iliyotolewa. Anyamaze pale filamu yenyewe inaponyamaza.

Tuna la kuwaambia pia vijana wanaorekodi filamu za mapigano huku nyanda za juu, ambao wameiga kasi na kuacha msingi wake. Anza pigano kwa shoti pana ya sekunde 3 au 4 inayoonyesha mlango uko wapi, stelingi yuko wapi, adui yuko wapi, na rudi kwenye shoti pana kila baada ya shoti 6 hadi 8. Kila tendo lirekodiwe likiwa na sekunde 2 kabla na 2 baada, usije ukakosa pa kukatia. Rekodi sauti tupu ya mahali, upepo na ndege, kwa dakika nzima. Ukiitandaza chini ya mikato yote, masikio hayaruki hata picha inaporuka. Usichanganye simu ya fremu 30 na kamera ya 25: programu hutupa fremu moja katika kila 6 na mwendo unakwaruza. Simu nyingi pia hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, ndipo midomo inapoachana na sauti. Na kwa Juni ya Mbeya, ukungu wa asubuhi chini ya mlima Loleza unaweza kuwa umeondoka kufikia saa 5. Maliza shoti zote za pigano moja katika hali moja ya hewa, la sivyo ngumi itaanza kwenye ukungu na kutua juani.

Ukimaliza kuhariri, mwonyeshe mtu asiyejua hadithi, kisha akusimulie. Kila anaposema "ghafla" au "sijui kwa nini", andika dakika. Hapo ndipo ulipokata kiungo, na mara nyingi kinachohitajika kurudishwa hakizidi sekunde 10.

Kwako Mhariri tuna ombi moja. Kurasa zenu za burudani zinapoandika kuhusu filamu ya shujaa, ziweke urefu wake kwa dakika na zitaje ni toleo lipi. Msomaji wa Batman v Superman aambiwe kwamba dakika 151 ni ile ya kumbini, na anayetaka kuelewa Nairomi atafute ya dakika 182.

Wahariri wa video,
Mwanjelwa, Mbeya