Barua kwa Mwanangu: Usiiruke "Yatokanayo"

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, mvua zimeanza, na ile migomba iliyolazwa na upepo nimeshaiwekea miti ya kuegemea. Juzi ulinipigia kuhusu kazi yako mpya ya kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri, simu ikakatika ukiwa katikati ya neno, sijui ni mtandao au ni hasira. Ulisema, "Mama, nimesoma miaka yote hii ili niandike habari za mfuniko wa mtaro?" Sikuwa na jibu papo hapo. Nimelala nalo usiku tatu. Leo nimekaa na kalamu kwa sababu hilo la mfuniko wa mtaro nalijua, na kwenye simu lisingetoka lote.

Wewe ni kitindamimba wangu. Ulipoanza kupata akili, mimi nilikuwa nimeshaiacha kazi ya kupiga chapa kwenye halmashauri hapa Bukoba. Uliikuta taipureta tu juu ya kabati, ukaichezea mpaka herufi zikagandana. Nilichokuwa nachapa sijawahi kukueleza.

Nilianza kazi mwaka 1978, nina miaka 20 na cheti cha hati mkato, ule mwandiko wa alama fupi wa kumfuata msemaji. Halmashauri za miji zilikuwa zimefutwa mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati wa Madaraka Mikoani, na kazi zake zikahamia kwa viongozi wa mikoa na wilaya. Miji ikachakaa. Taka zilirundikana, mifereji ikaziba, na kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 1977 hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri, zikaanza tena Julai 1978. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Mimi nampenda kwa kulisema hilo akiwa bado madarakani.

Basi, hatukumaliza hata miezi minne. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, na ndege zake zikafika mpaka hapa mjini. Mabomu hayakubomoa sana, ila vioo vilipasuka na watu wakakimbia. Bibi yako alinitwisha godoro, tukashika njia ya Muleba. Tuliporudi, mji ulikuwa giza tupu. Taa zilizimwa usiku ili ndege zisipate pa kulenga. Na Novemba, mwanangu, ndiyo msimu wa senene, wale panzi tunaowala. Unajua hapa kwetu senene wanavyofuata taa, watoto na madebe yao chini ya nguzo mpaka usiku wa manane. Mwaka ule tuliwasikia tu wakipita juu ya mabati, mvumo kama wa mvua ndogo. Hakuna aliyetoka nje.

Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Watu walicheza ngoma, nasi tukarudi ofisini. Mkoa ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi, ukawa Kagera. Karatasi mpya zenye jina jipya hazikuwepo, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza baada ya vita ilikuwa kukata "Ziwa Magharibi" kwa rula na kalamu, karatasi moja moja, na kuandika "Kagera" juu yake. Mwalimu alitwambia tufunge mkanda kwa miezi 18. Tuliufunga miaka mingi kuliko hiyo. Sabuni ilikuwa kwa foleni, viberiti kwa foleni, sukari kwa kujuana.

Sasa ngoja nikueleze kikao. Siku zile tulisema "Ndugu Mwenyekiti", hakuna aliyeitwa Mheshimiwa. Meza ndefu, wajumbe pande zote, mimi pembeni na daftari la hati mkato. Mzee mmoja wa upande wa Kashai alikuwa akipandwa na jambo anahamia Kihaya bila kujijua, Mwenyekiti anamgongea meza taratibu, "Kiswahili, ndugu, tuelewane wote." Na kulikuwa na wa kuelewana nao kweli, Waarabu, Wahindi, Wasukuma wa bandarini, kila mtu na duka lake au mzigo wake. Kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, yaani kuulizana yaliyoamuliwa kikao kile yamefikia wapi, taarifa za kamati, mengineyo. Mpangilio ni uleule unaoandika wewe leo.

Walichojadili? Lori la taka lililochukuliwa kwenda vitani, kama magari mengi yalivyochukuliwa, likarudi bila matairi yanayofaa. Toroli ngapi zinunuliwe badala yake. Nani anauza nyama iliyochinjiwa nyumbani bila muhuri wa Bwana Afya, afisa wa afya wa mji. Mbuzi wa nani wanalala kwenye uwanja wa shule. Kalavati la mto Kanoni linalojaa maji kila masika. Ushuru wa soko, na vitabu vya stakabadhi ambavyo vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo ushuru haukusanywi, kwa hiyo hela ya kuchapishia vitabu haipo. Hilo la mwisho lilituzungusha mwaka mzima.

Hata balbu zilikuwa na kikao chake. Ilikuwa Novemba 1979, taa tatu za karibu na soko hazijawaka tangu vita. Mhandisi alisema balbu hazipatikani, na zikipatikana ziende hospitali kwanza. Alikuwa na haki. Yule mzee wa Kashai akasimama, akasema watoto wa mji huu wana mwaka hawajala senene wa taani, na mji usio na senene watu wataona bado uko vitani. Bwana Afya akapinga, maana mabawa na miguu ya senene huachwa chini na kuziba mfereji. Walibishana karibu saa nzima. Wakakubaliana: balbu moja, nguzo ya sokoni, na wanyonyoaji wafagie kabla hakujapambazuka. Balbu moja! Usiku ilipowashwa nilikwenda na bibi yako. Watu walijaa pale hata ambao hawakuwa na debe. Walisimama tu wakiangalia juu.

Niliandika dondoo ile mistari minne. Lakini iko nyingine sikuiandika, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu leo.

Wewe unachapa kwenye kompyuta, ukikosea unafuta. Mimi nilichapa kwenye stensili, karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino, herufi inagonga nta na kuitoboa. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri ikauke, unagonga tena juu yake polepole. Kisha unaivalisha kwenye mashine, unazungusha mkono, nakala zinatoka zina wino mbichi. Stensili zilikuwa adimu kuliko sukari. Mkurugenzi alizifungia kabatini, akinihesabia. Muhtasari ukizidi kurasa nilizopewa, ilibidi nipunguze.

Kulikuwa na mama mmoja mjumbe, muuza ndizi sokoni. Alilalamika kwamba choo cha soko upande wa wanawake hakina mlango tangu wakati wa vita, uling'olewa ukawa kuni. Kikao kilikubali fundi apewe mbao za masanduku atengeneze mwingine. Jambo la dakika mbili. Nilipofika kwenye stensili ya mwisho nafasi ilibaki mistari mitatu, na nilikuwa bado na nukuu ya Mwenyekiti ya kufunga kikao, maneno marefu ya ushindi na uchumi. Nikaacha mlango, nikaandika Mwenyekiti.

Mweka hazina hawezi kutoa senti kwa jambo ambalo halimo kwenye muhtasari. Fundi alikwenda, akaulizwa azimio liko wapi, akarudi. Kikao kilichofuata kikaja baada ya miezi mitatu. Tulipofika kwenye yatokanayo, yule mama alipekua karatasi zake, akapekua tena, akainuka. Hakupaza sauti. "Ndugu Mwenyekiti, mlango wetu uko wapi?" Kisha akaeleza kwamba wanawake wanasubiri jua lizame ndipo washuke kichakani kando ya Kanoni, na mmoja wao aliteleza kwenye tope akavunjika mkono. Wote wakageuka kuniangalia? Hapana, hakuna aliyejua kwamba ni mimi. Walidhani wamesahau wenyewe. Nilikuwa nimeinamia daftari na penseli haiandiki.

Nilimfuata jioni kwenye meza yake ya ndizi nikamwambia ukweli. Akaniangalia kitambo, akasema, "Binti, ninyi mnaoandika ndio mnaosikia. Sisi tunasema tu." Akanifungia kichane cha ndizi. Mlango uliwekwa mwezi uliofuata. Mbao zilikuwa na maandishi ya masanduku, yamegeuzwa juu chini.

Tangu siku hiyo, dondoo ndogo nilizichapa kwanza, hotuba zikafuata zilipopata nafasi.

Kuna lingine, na hili naliandika taratibu. Ukurasa wa kwanza wa muhtasari una orodha: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa katika mkoa wetu huu. Lakini kabla watu hawajalijua jina hilo waliuita Juliana, kwa kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda baada ya vita. Nami niliuona kwenye orodha yangu kabla sijauelewa. Jina linatoka juu linashuka kwenye udhuru. Kikao kinachofuata liko kwenye udhuru tena. Kisha halipo kokote, na dondoo ya kwanza inasema wajumbe walisimama kimya kwa dakika moja. Kisha maombi ya ruhusa za msiba kwa wafanyakazi, na kamati ikijadili nafasi ya makaburi ya mji, kwa wale wasio na kibanja cha kuzikiwa. Hakuna hotuba iliyolisema lile jambo kwa miaka kadhaa. Lilisemwa na mahudhurio. Fundi wa ule mlango naye alipita humo, na yule mama wa ndizi baada yake.

Mwaka 1982 zilitungwa sheria mpya za serikali za mitaa, mwaka uliofuata madiwani wakachaguliwa, na 1984 halmashauri zikaanza kwa sura hiyo mpya. Ofisi ikapata samani, mambo yakawa makubwa zaidi, na kodi ya maendeleo ikaleta makelele yake. Hayo yamo vitabuni, utayasoma.

Kwa hiyo ule mfuniko wa mtaro, mwanangu. Ni mtaro upi? Uko mbele ya nyumba ya nani, au shule, au zahanati? Nani aliulizia, na mara ya ngapi? Fundi ameagizwa lini na kwa fedha ya kifungu gani? Ukiandika "suala la mifuniko lilijadiliwa", umenifanyia kama nilivyomfanyia yule mama. Na ukifika kwenye yatokanayo, usiinakili tu kutoka kikao kilichopita ukabadilisha tarehe. Nimewaona wanaofanya hivyo. Mpigie mhandisi, muulize mfuniko umewekwa au haujawekwa, kisha uandike jibu lake.

Nimekutumia kifurushi kwa basi, ukakipokee Jumamosi. Ndani kuna senene wa kukaanga, kopo moja, usiwagawie wote siku ya kwanza. Chini yake kuna muhtasari mmoja wa mwaka 1980 niliobaki nao, nakala ya mwisho ambayo wino haukushika vizuri. Dondoo ya mlango iko ukurasa wa tatu. Ukishaandika wa kwako wa kwanza, nitumie picha yake. Miwani yangu mipya inasoma vizuri.

Mama yako