Picha ya kesho yake haina malipo mapya

Juzi bibi mmoja kutoka Uvinza alituwakia pale mapokezi ya kituo chetu cha picha za eksirei. "Mmekula hela yetu ya picha, sasa mnasema mtoto akakatwe kinyama cha kupima!" Mjukuu wake ana miezi mitatu, tumbo limejaa kama ngoma, haja mara moja kwa siku tano. Si wa kwanza kulalamika, kwa hiyo tunajibu hapa.

Daktari akihisi ugonjwa wa Hirschsprung, yaani mtoto kazaliwa na kipande cha mwisho cha utumbo kisicho na seli za neva za kusukuma haja, hutuandikia picha ya dawa nyeupe. Dawa inapitishwa njia ya haja, tunatazama umbo: chini pembamba, juu pamefura. Kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye utumbo huo wa mwisho, kinatazamwa kwa hadubini kuona kama seli zenyewe zipo. Hicho ndicho chenye neno la mwisho, hasa kwa kichanga wa siku chache, maana utumbo wake haujapata muda wa kufura na picha inaweza kutoka safi huku ugonjwa upo. Kuna na kipimo cha puto, cha kupima kama msuli wa njia ya haja unalegea. Mashine yake hatuna. Picha basi ya nini? Inamwonyesha daktari wa upasuaji tatizo linaelekea kuishia wapi, na kama kuna kizuizi kingine.

Kinachotuumiza ni kusafisha tumbo nyumbani. Mama mmoja wa Kasulu aliona aibu mwanawe asije akachafua kitanda chetu, usiku akamtia njia ya haja kipande cha sabuni na bomba la maji. Utumbo ukanywea, picha ikatoka ya kawaida. Baada ya siku kadhaa tukarudia, pembamba na panene pakajionyesha waziwazi. Kalipa mara mbili, na nauli juu. Mama, kitanda kinafutika! Ila kama hospitali ndiyo iliyomsafisha, hiyo ni tiba, msiikatae. Tuambieni tu lini.

La pili ni kukimbilia boti. Siku ya pili tunapiga picha nyingine kuona kama dawa imebaki tumboni. Ikibaki, ni dalili. Hela yake imo kwenye ile mliyolipa jana, lakini watu wanaondoka jioni wakidhani tunatafuta malipo mapya.

Mnasema kwingine ni nusu bei. Hiyo ni picha ya kawaida ya tumbo: inaonyesha hewa na utumbo uliojaa, basi. Kwetu unalipia dawa, mpira mpya wa kupitishia dawa kwa kila mtoto, na fundi anayeuingiza ncha tu bila kujaza puto lililo kwenye mpira huo. Puto likijazwa linatanua palepale pembamba tunapopatafuta. Tumewahi kuletewa picha za namna hiyo, hazisomeki.

Bibi alirudi asubuhi yake, kanuna, mtoto mgongoni. Dawa ilikuwa bado imejaa. Kinyama kimekwenda Mwanza.

Mtoto mwenye homa, tumbo gumu na kuhara kunakonuka vibaya msimlete kwetu kwanza. Mpelekeni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.