Shoga, usitie saini kwanza

Langoni, Amu (Lamu)
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, watoto hawajambo, mama mkwe miguu yake ni ile ile, leo nafuu kesho yuko kitandani. Najua nimekunyamazia tangu arusi ya kwa Mama Swafiya na una haki ya kununa, lakini nuna baadaye. Nisome kwanza hadi mwisho, maana nililolisikia juzi kwenye boti limeninyima usingizi.

Kakako mkubwa amekuja na dalali kupima nyumba yenu ya Shela. Ni dalali yule yule aliyeuza ya jirani zenu wa mlango wa pili, kwa hiyo meno yake unayajua. Wamevuta utepe toka dakani, ile baraza ya mlangoni, hadi ua wa nyuma, wamepiga picha vidaka vyote vya ukutani, kisha kakako akatangaza botini, watu wanasikia, kwamba dada zake wote wamekubali na zimebaki saini tu. Dada wote, na wewe umo? Umekubali lini? Na mbona mimi nayapata kwa nahodha?

Nyumba imechakaa, sikufichi. Nilichungulia wiki iliyopita nikitoka kazini. Boriti za sebuleni zimekatika mbili, mpapai umeota pale alipokuwa akilala bibi yako, na popo wamejaa. Lakini birika la chooni lipo zima! Na kile kibakuli cha kichina kilichojengewa chini yake kipo, kile tulichokuwa tukitia samaki wadogo ili wawale viluwiluwi wa mbu. Nilikipangusa kwa ncha ya buibui, ua la buluu likatokea kama lilivyokuwa. Bibi yako alitupiga kwa sababu ya samaki wale, unakumbuka? Mimi ndiye niliyepigwa zaidi, na wazo lilikuwa lako.

Turudi kwenye saini. Hujakaa huku miaka mingi, kwa hiyo nikueleze Shela ya sasa ilivyo. Asubuhi boti zinatoka Amu zimejaa watu waendao kazini Shela: mafundi na ndoo zao za chokaa, wapishi, madobi, walinzi wa zamu ya mchana, wasichana wa kutandika vitanda, na mimi. Jioni zinaturudisha. Nusu ya tuliomo botini ni watu wa Shela hasa, waliozaliwa kule, au wazee wao. Waliuza, wakaja kujenga Wiyoni au kupanga huku Langoni, na sasa wanalipa nauli kila siku kwenda kufagia nyumba zilizokuwa zao. Wenye nguvu hutembea pwani, lakini maji yakijaa njia ile haipitiki, itabidi uzungukie juu, ukifika umelowa jasho na bosi anatazama saa. Nauli nayo imepanda tena. Juzi Bakari alisema Shela imekuwa ofisi, jua likizama inafungwa. Tulicheka, kisha boti zima likanyamaza.

Usinielewe vibaya. Mimi mshahara wangu unatoka kule kule, mwenye nyumba ninayopika ni mtu mwema, na alipougua mwanangu alinisaidia bila kuombwa. Tena tuseme kweli, magofu yale yasingesimama tena kwa mifuko yetu. Tangu hoteli ya Peponi ilipofunguliwa, 1967, hao wageni ndio waliokuwa na fedha za kuita fundi wa chokaa, kununua boriti za mikoko na kulipa punda wa kupandisha mawe toka gatini. (Punda wa Shela siku hizi wana kazi kuliko vijana wa Shela, lakini hiyo ni barua nyingine.) Nyumba zimependeza. Ila ukipita usiku msimu usipokuwepo, kichochoro kizima ni giza, mlinzi mmoja na redio yake. Mume wangu hulala kule siku za zamu, anasema alfajiri msikiti wa Ijumaa, ule wa 1829 wenye mnara uliochongoka, safu ya pili haijai.

Na mji wenyewe ulivyoanza! Wazee wenu ni watu wa mji wa Takwa, walivuka toka kisiwa cha Manda visima vya kule vilipoingia chumvi. Ndiyo maana watu wa Shela mpaka leo hungoja maji yajae kwenye mikoko wakavuka kwenda kuzuru makaburi ya Takwa na kuomba mvua. Sasa tazama mambo. Mji wa Amu unakunywa maji ya vile vilima vya mchanga vya Shela: mvua inanyonywa na mchanga, inatulia chini, visima vinachota. Na juu ya vilima hivyo hivyo watu wanajenga, wanachimba makaro ya vyoo, wanaweka bwawa la kuogelea. Nikiuliza, naambiwa kibali kipo. Watu waliokimbia visima vya chumvi, wajukuu wao wanauza mchanga unaowahifadhia maji matamu. Nani aliwahi kuona?

Vilima vile pia ndivyo vyenye mifupa. Wewe uliogopa, mimi nilikuwa nachokoa kwa kijiti. Watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa waliposhusha majeshi yao Shela, miaka ya 1810, wakapigwa na watu wa Amu, maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekwama mchangani, hawakuwa na pa kukimbilia. Baada ya hapo ndipo Amu ikajiweka chini ya Seyyid Said wa Omani, na ile ngome ya sokoni ikamaliziwa. Bibi yako alikuwa akihadithia vita hivyo kana kwamba alikuwepo, tena na majina ya majahazi. Nina hakika nusu aliyatunga. Hadithi zile alizisimulia dakani, pale pale palipovutwa utepe juzi, na hilo ndilo linalonichoma.

Basi nikuambie nililoulizia. Kwanza, usitie saini karatasi usiyoisoma, hata ikiletwa na kaka. Pili, hati iko wapi na imeandikwa jina la nani? Kama bado ni la babu, mirathi haijagawanywa, na hissa yako imo humo humo, nusu ya hissa ya kakako lakini ni yako. Kadhi yupo Amu, si mbali, kesi kama hizi ndizo kazi yake. Tatu, mnunuzi ni nani hasa? Nasikia ni mgeni. Kwa katiba ya 2010 asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja, anakodishiwa, na muda hauzidi miaka 99. Kwa hiyo dalali anaposema "kuuza", mbane akuambie anauza nini.

Mimi ningekuwa wewe ningewaambia kaka zako hivi: tukodishe. Kuna waliofanya. Mgeni anaitengeneza nyumba kwa fedha zake, anakaa miaka mliyopatana, muda ukiisha nyumba inarudi kwenu ikiwa imesimama. Wa kwa Bwana Athmani walifanya hivyo, na mwaka jana walirudishiwa funguo, paa jipya, bomba la maji mpaka juu. Wengine mapatano yaliwaponyoka kwa sababu hawakuandikiana vizuri, hilo nalo lipo. Kakako atasema fedha inatakiwa sasa, mtoto yuko chuo, na kweli yuko chuo, sitaki kumfanya mtu mbaya. Lakini hata fedha ya kuuza itagawanywa mafungu mangapi? Hesabu mwenyewe. Lako litakununulia nini huko Mombasa? Choo cha nyumba ya kupanga.

Nimesema mengi, nahodha ataninyima salamu akijua nimemtaja. Sasa nijibu. Karatasi imekufikia au bado? Mamako aliwahi kukuonyesha hati, au ile bahasha ya khaki iliyokuwa sandukuni ilipotelea wapi? Mdogo wako wa Malindi anasema nini, yuko upande wako au wa kakako? Unaweza kupanda basi uje kabla ya mwisho wa mwezi? Mokowe, basi linapoishia, nitakupokea mwenyewe, usijali boti. Au unangoja Maulidi? Mwezi wake, Mfunguo Sita, ni mbali, dalali hangoji. Na mumeo anajua? Na hebu niambie kweli, mimi si mtu wa kunificha: wewe mwenyewe unataka iuzwe? Kama unataka, sema tu, nitanyamaza, nitakusaidia hata kumbana dalali kwenye bei. Ila nipigie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku aliyosema anakuja na wino.

Wako,
Shoga yako wa Langoni