Kabla Hujakoroga Gundi

Swahiba wangu,

Barua yako imenifikia, na ile karatasi ya shabaha nimeigeuza mara tatu. Risasi mbili zimekaa kushoto, tatu zimepanda kulia. Darubini umebadili, risasi umejaribu aina mbili, ugonjwa uleule. Lakini ulipoandika kwamba mambo yalizidi mvua zilipoanza, nikajua si jicho lako. Ni mti wa bunduki, ile mbao inayobeba mtutu na chuma chake. Mbao ikinywa unyevu huvimba, na ikivimba huusukuma mtutu.

Kwanza toa risasi, chomoa bolti, ile komeo ya chuma inayoisukuma risasi ndani, uchungulie mwenyewe chemba, pale risasi inapokaa. Kisha pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao. Itakapokwama ndipo panapogusa. Halafu simamisha bunduki kitako chini, bana mtutu na ncha ya mbao pamoja kwa vidole, mwingine akulegezee skrubu ya mbele polepole. Mtutu ukijitenga vidoleni, ujue chuma, yaani kile kiwiliwili kinachoshika mtutu na bolti, kilikuwa kimepindwa na skrubu, nacho hujikunjua kitakavyo kila ukifyatua.

Ndiyo maana tunakimiminia kitanda cha epoksi, ile gundi ya kukoroga inayokauka ngumu, kikae juu yake bila kupindwa. Chukua ile nzito yenye unga wa chuma, isiyochuruzika. Kwa patasi, punguza mbao milimita 2 au 3 nyuma ya lile jino la chini ya chuma linalopokea teke la bunduki ukifyatua, na chini ya mkia wa chuma pia. Vipande vidogo vya mbao ya asili viache, chuma kisije kikazama. Jino lenyewe livike utepe mbele, ubavuni na chini. Mgongo wake uache wazi, maana huo ndio unaoegemea epoksi teke linapokuja. Mtutu nao uzungushie utepe karibu na ncha ya mbao ili ukae katikati.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa wengi huharibu. Gundi ikiwa mbichi, skrubu usizikaze kwa nguvu. Ziwe za kuongoza tu, chuma kikae chenyewe. Ukikaza, unakipinda tena, na epoksi inagandia kwenye ule upinde. Utakuwa umeugandisha ugonjwa uliotaka kuutibu!

Na kabla hujamimina, nta paka kila mahali kwenye chuma, mara mbili, hata kwenye nyuzi za skrubu, gundi isikishike. Matundu yote ya chuma, ya pini za kifyatulio na ya magazini, yazibe kwa udongo wa kufinyangia. Mimi mara ya kwanza niliacha kitundu kimoja, si kikubwa kuliko njiti ya kiberiti. Gundi ikaingia, ikakauka, chuma na mti vikafunga ndoa. Nilivuta mpaka mikono ikatetemeka. Mwisho nikailaza kwenye friza usiku kucha, chuma kisinyae, na asubuhi nikagonga kwa nyundo ya mpira. Iliachia kwa kishindo, shemeji yako akatoka mbio kuuliza nani kapigwa. Hiyo friza bado ananisimanga nayo.

Gundi itakayofurika ifute mapema kwa pamba yenye siki; ikishakauka utaihangaikia kwa msasa. Kisha iache saa 24. Usiiguseguse kuona kama imeshika, nakufahamu.

Ukishaifungua, panua kidogo matundu ya skrubu kwenye mti zisisugue kuta, na toa utepe wote. Kwa mti mtupu, usio na vijiti vya alumini ndani, mimi hukaza skrubu kama newtonimita 4 au 5 hivi. Ila kama mtengenezaji ametaja kipimo chake, fuata chake. Rudia lile jaribio la vidole. Safari hii usihisi kitu.

Bisibisi ya kupimia nguvu usinunue, yangu imelala tu kabatini, nitakuja nayo. Na ukishachonga nafasi ya jino, nitumie picha kabla hujamimina chochote.

Wako,
mwenzio wa mawindoni