Barua kwa mwanangu: kabaila alikuwa nani?

Bukoba

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bibi yako haachi kuuliza kama unakula vizuri. Juzi uliniuliza kwenye simu ukabaila ni nini hasa, kwa kuwa ile maana mliyopewa darasani ya kukariri, kwamba ni mfumo wa mabwana wenye ardhi na watu wanaowatumikia, haikukutosha. Salio likaisha kabla sijafika popote. Nimeona nikuandikie, kwa sababu swali lako nimelala nalo.

Tuanze na neno lenyewe. Kabaila na kabila ni ndugu wa tumbo moja. Waarabu husema qabila kwa kabila moja, qabail kwa makabila mengi. Hilo la wingi lilipoingia katika Kiswahili likawa mtu: kabaila, yaani mtu wa ukoo mkubwa, mwenye jina lake. Zamani ukimwita mtu kabaila umemtukuza. Mimi nilipoanza shule nilikuta ameshateremshwa, anatajwa pamoja na bepari na mnyonyaji, kwa sababu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limetamka kwamba nchi yenye ujamaa kamili haina ubepari wala ukabaila. Neno la sifa likawa la lawama.

Neno la Wazungu, feudalism, limetoka kwingine. Katika Kilatini cha zama za kati kuna neno feudum: ardhi ambayo bwana humkabidhi mtu wake ili naye amtumikie, hasa vitani. Wataalamu wengi hulirudisha kwenye lugha za kale za Wajerumani, kwenye neno fehu, yaani ng'ombe. Mpaka leo Mjerumani huita mifugo Vieh. Ng'ombe ndio waliokuwa mali, basi jina la ng'ombe likawa jina la mali, na mwishowe likaiangukia ardhi. Niliposoma hayo niliwakumbuka jirani zetu wa Rwanda na ubuhake wao: shebuja, yaani bwana, anampa mtu ng'ombe, na aliyepewa anabaki kumtumikia. Mfalme wao, Mwami Mutara Rudahigwa, aliufuta mwaka 1954. Hakuna aliyeazima kwa mwenzake, ila ng'ombe yumo kotekote.

Sasa shika hili, maana naona ndilo lililokutatiza. Askari wa farasi wa Ufaransa wa mwaka 1100 hakujua kwamba anaishi katika "ukabaila". Alimjua bwana wake, alijua aliweka viganja vyake viwili ndani ya viganja vya bwana huyo akaapa kuwa mtu wake. Jina la mfumo mzima lilitungwa karne nyingi baadaye, na wanasheria na wasomi waliotazama nyuma. Na kufikia Agosti 1789, Bunge la Ufaransa lilipotangaza kuufuta mfumo huo, neno lilikuwa limeshabeba kila kero ya mkulima, hata njiwa! Ndiyo, njiwa. Mabwana walikuwa na haki ya peke yao ya kufuga njiwa katika vibanda vikubwa, na njiwa hao wakila mbegu za mkulima, yeye hakuwa na ruhusa ya kuwaua. Haki hiyo ilitajwa waziwazi katika tangazo hilo, ikafutwa.

Ndiyo maana mwaka 1974 mwanahistoria Mmarekani, Elizabeth Brown, aliandika kwamba heri neno hili liachwe, linalazimisha nchi na nyakati zisizofanana zivae nguo moja. Namwelewa, lakini mimi nisingelitupa. Ningelishika kama swali: hapa nani analima, nani anachukua, na kwa haki gani?

Ukiuliza hivyo, hutahitaji kwenda Ufaransa. Hapa kwetu Buhaya kulikuwa na nyarubanja. Mukama, yaani mfalme wetu, alimgawia ndugu yake au mtu wake eneo pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Kuanzia hapo waliitwa watwarwa, waliotawaliwa, na sehemu ya jasho lao ilikwenda kwa mwenye nyarubanja, ingawa migomba waliipanda wenyewe. Serikali huru ilitunga sheria ya kuwatoa huko mwaka 1965.

Bibi yako alikuwa binti wa miaka ishirini wakati huo. Babake alikuwa mtwarwa. Anasema kila walipokamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu cha kwanza hakikuonjwa nyumbani, kilibebwa kichwani hadi kwa mwenye ardhi, na aliyekibeba mara nyingi ni yeye. Neno ukabaila sijapata kulisikia kinywani mwake. Anaijua njia ile tu, anajua ilipita kwenye mkuyu gani na wapi alikuwa akikitua kibuyu apumzishe shingo.

Ukija likizo ya Desemba atakupeleka. Nimeshamwambia, naye ameshaanza kusema tutoke mapema kabla jua halijawa kali.

Baba yako