Mchumba wa Ujerumani si mwalimu wa Kijerumani

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na vijana wa Nungwi, Paje, Jambiani na kwengineko, wake kwa waume, ambao wenza wao wako Ujerumani. Wakiambiwa waanze kusoma Kijerumani mapema, wengi jibu lao ni moja: "Mwenyewe atanifundisha kwa simu."

Sisi tunaofundisha lugha hiyo tunaliogopa jibu hilo. Mwenza aliye kwenye simu ni mali kubwa, lakini kwa kazi yake: kukuzoesha sikio na kukulainisha ulimi. Sarufi haimo mikononi mwake. Mjerumani wa kawaida hajui kwa nini mbele ya jina hapa kasema "der" na pale "dem", kama Mzanzibari wa kawaida asivyoweza kueleza kwa nini tunasema "mtu yule" lakini "mti ule", na yote mawili yanaanza na m. Ukimuuliza atasema ndivyo ilivyo tu. Ukimuuliza mara ya tatu, mazungumzo ya mapenzi yanageuka ugomvi.

Tangu mwaka 2007 sheria ya Ujerumani inamtaka mume au mke anayemfuata mwenzake aonyeshe, kabla ya kupewa viza, kuwa anajua Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa. Wapo wanaosamehewa, na kichekesho ni kuwa miongoni mwao ni wenza wa raia wa nchi nyengine za Umoja wa Ulaya wanaoishi huko huko Ujerumani. Mwenza wako akiwa Mjerumani hasa, hesabu kuwa deni hilo unalo. Mtihani una sehemu nne: kusikiliza kama dakika 20, kusoma 25, kuandika 20, na kuzungumza kama dakika 15 mkiwa kikundi cha watahiniwa. Kupita ni alama 60 kati ya 100. Maneno ya kujua ni kama 650. Kozi ya ngazi hiyo hukadiriwa kuwa vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45, kutegemea umekuja na nini kichwani. Pigeni hesabu wenyewe: kwa dakika 20 kila siku, anayekwenda kasi atahitaji miezi sita, na anayeanza patupu mwaka na robo. Kwa hivyo anayengoja mpaka nikahi ipite ndipo aanze daftari, amejichelewesha mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mitego, na wa kwanza ni saa. Mwenza anakuandikia kuwa atakupigia simu: "Ich rufe dich um halb drei an." Umeona drei, ni tatu, basi unajiwekea saa tatu na nusu. Aliyezoea saa za Kiingereza anaweka 3:30. Wote wamekosea. Halb drei ni nusu ya kuelekea tatu, yaani 2:30, nayo ikiwa mchana kwetu ni saa nane na nusu. Juu yake kuna tofauti ya saa baina ya nchi na nchi: saa mbili wakati wao wa baridi, saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Halb drei ya Berlin mwezi wa Januari ni saa kumi na nusu Unguja. Mwezi wa Julai ni saa tisa na nusu. Watu wamenuniana kwa hili, kila mmoja akiamini mwenzake hakupiga. Dawa yake ni kuandikiana kwa saa 24, 14:30, na kutaja saa ya nani. Lakini ile halb drei isikieni kila siku, maana katika mtihani wa kusikiliza, saa, bei na namba za simu ndizo zinazoangusha watu.

Namba zao husomwa kinyume na zetu. 47 ni siebenundvierzig, "saba na arubaini". Aliyepita chuoni akasoma Kiarabu hili si geni kwake, kwani Waarabu nao huanza na saba. Zoezi lake ni hili: mwenza akutumie ujumbe wa sauti wenye namba tano za simu, uziandike zikipita, bila kurudisha nyuma. Na akisema "zwo" usishtuke, ni ile ile zwei. Husema hivyo kwenye simu isichanganywe na drei.

Mtego wa pili ni herufi. Katika sehemu ya kuzungumza unaweza kuambiwa utaje jina lako herufi kwa herufi. Sisi skuli tumefundishwa majina ya herufi kwa Kiingereza, na hapo ndipo pabaya: E kwa Kiingereza huitwa "i", na kwa Kijerumani "i" ni I; A huitwa "ei", na sikio la Mjerumani huisikia E. Mwenye jina la Salme akitaja kwa mazoea ya skuli, Mjerumani ataandika Selmi, na pengine jina hilo likaenda hivyo mpaka kwenye fomu. Kijerumani ni es, a, el, em, e. Juma ni yot, u, em, a. Ni kazi ya siku tatu, na wengi wanaidharau. (Bibi Salme mwenyewe, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 na kwenda kuishi Hamburg, wala hakuwa na ujumbe wa sauti wa kumsaidia.)

La tatu linavunja nyumba. Kiswahili chetu hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Kijerumani kinao: er kwa mwanamme, sie kwa mwanamke. Unaandika "anakuja kesho" ukimkusudia dada yako, programu ya kutafsiri inaamua ni mwanamme. Halafu kuna "rafiki yangu". Mwanamke akisema "mein Freund", Mjerumani anafahamu mpenzi wake. Mwanamme akisema "meine Freundin", vivyo hivyo. Rafiki wa kawaida ni "ein Freund von mir" au "eine Freundin von mir". Mchumba wa mtu amwandikie mwenzake kuwa jana usiku alikuwa Forodhani na "mein Freund", asubuhi yake mtasikia.

Na ile "an" mwishoni mwa "Ich rufe dich um halb drei an" si pambo. Kitenzi ni anrufen, kupiga simu, kimekatwa vipande viwili na kimoja kimetupwa mkiani. Ukisahau mkia, umesema unamwita tu. Sisi ambao neno moja, "nitakupigia", linatubebea sentensi nzima, mkia huu unatuponyoka kila mara. Uandikeni kwa wino mwengine.

Kuhusu matamshi hatuna hofu kubwa. Kh ya "kheri" tunayo, na ndiyo ya Nacht na Buch. Ya "ich" ni nyengine: weka ulimi kama unayetaka kusema "yi", kisha pitisha pumzi bila sauti. Si "ishi". Ü ni "i" inayosemwa na midomo iliyochongoka kwa "u". Shida ni konsonanti zinazofuatana, tunapenda kuzitia irabu katikati. Neno Schule, lakini, wenzetu wa bara wamelichukua hivyo hivyo wakapata "shule". Sisi tumebaki na skuli yetu.

Simu nayo ipangiwe. Dakika kumi za mwanzo Kijerumani kitupu, kwa saa ya kengele, na maudhui yawe moja wiki nzima: wiki ya sokoni, wiki ya hospitali, wiki ya stesheni. Kengele ikilia rudini kwenye lugha yenu ya kila siku. Mwenza asahihishe makosa mawili tu. Akisahihisha kumi, kesho hutafungua mdomo. Bando likiwa dogo, ujumbe wa sauti wa nusu dakika unatosha: wewe unasema, yeye anarudisha sentensi ile ile ilivyo sahihi, wewe unairudia. Kama kwao ni Bavaria, mwombe aseme Kijerumani sanifu, kwani lahaja ya kijijini kwao haiulizwi kwenye mtihani. Na mara moja kwa wiki ajifanye ofisa akuite "Sie", ile "wewe" ya heshima. Waliozoea "du" ya mapenzi peke yake hubabaika wakitakiwa kumwandikia mtu wasiyemjua, na barua ya maneno 30 katika mtihani wa kuandika huweza kuwa ya namna hiyo.

Mtihani hufanyika Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, Dar es Salaam. Vukeni siku moja kabla, khasa wakati wa kusi, na pasipoti iwe mfukoni.

Walimu wa Kijerumani,
Mjini Unguja