Shosti, soma hii kabla hujaenda kusuka jumamosi

Shosti wangu,

Za Moshi na hiyo baridi yenu? Mtoto hajambo, shemeji hajambo? Sisi huku Tanga wote wazima, mama anakusalimia sana na anauliza lini unamleta mjukuu wake amuone.

Ile voisi yako ya jana nimeisikiliza na nimeumia kwa kweli. Yani mtu akwambie mbele za wateja wengine kwamba nywele zako mbovu hazifai kitu, bora unyoe uvae wigi, na we ukakaa kimya ukalipa ukaondoka. Nikasema hapana, hii nisijibu kwa voisi, nimuandikie kabisa awe anarudia kusoma, maana mi nimekusuka tangu tupo shule na kichwa chako nakijua kuliko huyo msusi aliyekushika siku moja. Nywele zako ni nzima. Ila ni nyembamba, na kwa vile hakuna aliyewahi kukwambia hivo umekuwa ukizihudumia kama nywele za dada yako ambazo unywele mmoja tu unausikia kwenye vidole.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya kila siku saluni. Kuna unene wa unywele mmoja mmoja, na kuna wingi wa nywele kichwani, na hivi haviendi pamoja. Mtu anaweza kuwa na nywele nene ila chache, ngozi ya kichwa unaiona bila hata kugawa mistari. Na mwingine kama wewe ana nywele nyembamba ila zimejaa, ukizichana zinafura kichwa kizima, msusi akiona hivo anajua huyu ana nywele nyingi ngumu, anavuta kwa nguvu, anaweka rasta nzito, alafu miezi inapita ncha zinabaki mkononi na we unalalamika hazikui. Zinakua shosti! Nywele za binadamu hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, zetu za kipilipili taratibu kidogo kuliko hapo, ila zako kwa kasi zinayokua kwenye shina ndo kasi hiyo hiyo zinavyokatika huku kwenye ncha, kwaiyo urefu unaonekana upo pale pale mwaka mzima.

Sasa usiniamini mimi tu, jipime mwenyewe. Osha kichwa kwa shampuu, usipake kitu chochote, usipake hata mafuta kidogo, acha zikauke zenyewe. Alafu chukua unywele mmoja mmoja sehemu nne, mbele kwenye paji, utosini, kisogoni na pembeni karibu na sikio, maana kichwa kimoja kinaweza kuwa na nywele za aina mbili au hata tatu, wengi wetu za mbele na pembeni ni nyembamba kuliko za kisogoni. Ushike unywele katikati ya kidole gumba na cha shahada uuviringishe taratibu. Kama hausikii kitu kabisa au unausikia kwa mbali sana, huo mwembamba. Ukiusikia upo ila haukwaruzi, wa kati. Ukiusikia wazi kabisa na una ukakasi, huo mnene. Alafu uweke juu ya karatasi nyeupe, pembeni yake weka wa dada yako na ndevu moja ya shemeji (muombe vizuri atakupa), hapo utaona tofauti kwa macho yako. Kuna watu wanasema ulinganishe na uzi wa cherehani, mi siupendi huo, uzi wa cherehani ni mnene kuliko nywele za karibu kila mtu kwaiyo wote mtatoka mna nywele nyembamba.

Kwa wanaopima kitaalamu, unywele wa chini ya maikroni 60 hivi ndo unahesabiwa mwembamba, wa kati ni 60 mpaka 80, zaidi ya hapo mnene. Maikroni 1,000 ndo zinatimiza milimita moja, kwaiyo tunaongelea kitu kidogo sana, lakini hapa ndo pana siri yote. Unywele ukiwa na nusu ya upana wa mwenzie haina maana una nusu ya nguvu. Ule moyo wa ndani ambao ndo unabeba nguvu unakuwa robo tu. Robo! Yani msusi anapovuta nywele zako kwa mkono ule ule aliovutia za dada yako, zako zinabeba mzigo ule ule zikiwa na robo ya nguvu. Na kwa nywele za kipilipili unywele wenyewe sio duara, umebonyea kama yai na unajisokota, kila kona ya mkunjo ni sehemu dhaifu, chanuo likipita kavu linakatia hapo hapo.

Najua utaniuliza, mbona mi nilijua nywele zangu ni 4C? Ni 4C ndio, ila hiyo inakwambia mkunjo tu. Hizo namba zilianzishwa na Andre Walker, yule mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990, namba 1 ni singa, 2 mawimbi, 3 zilizojiviringa, 4 ndo sisi wa kipilipili, na hiyo herufi C watu wameiongeza baadae. Mi sizipondi hizo namba, zinasaidia kujua zitasinyaa kiasi gani ukilowesha na utasukaje. Ila wawili mkiwa 4C wote, mmoja nywele nyembamba mwingine nene, mkapaka mafuta yale yale mkasuka rasta zile zile, mmoja atafurahi na mwingine atalia, na we ndo umekuwa unalia.

Wingi nao upime siku hiyo hiyo. Simama kwenye kioo nywele zikiwa kavu zimeachiwa usigawe mstari. Ukiona ngozi ya kichwa waziwazi, chache. Ukiiona mpaka uzisogeze kwa vidole, za wastani. Ukihangaika kuitafuta, nyingi, na nna uhakika we utaangukia hapa. Wengine watakwambia uzibane nyuma upime mkia, hiyo kwetu haifanyi kazi zinasinyaa mno.

Kuhusu nywele zinavyokunywa maji, ile ya kudumbukiza unywele kwenye glasi uone kama unazama achana nayo, unywele wenye mafuta kidogo tu utaelea hata ufanyeje. We angalia ukiwa bafuni, maji yakimwagika kichwani yanateleza kwanza au zinalowa palepale? Na baada ya hapo zinachukua muda gani kukauka? Zinazochelewa kulowa na kuchelewa kukauka magamba yake ya juu yamefunga vizuri, zinazolowa haraka na kukauka haraka magamba yameshaharibika, mara nyingi kwa dawa au draya. Zako za kwenye shina na za kwenye ncha zinaweza kutofautiana kabisa usishangae.

Alafu jambo la muhimu sana ambalo kwenye voisi hukulisema vizuri. Hizo nywele unazookota kwenye mto, ni zile ndefu nzima zenye kidoti cheupe mwishoni au ni vipande vifupi havina kidoti? Ziangalie vizuri shosti. Zenye kidoti zimenyonyoka kutoka kwenye shina, vipande vimekatika. Kunyonyoka nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida kwa kila mtu, na we umejifungua juzi tu, kuanzia mwezi wa tatu hivi baada ya kujifungua wanawake wengi nywele zinanyonyoka nyingi mpaka mtu anaogopa, alafu zinarudi zenyewe, wengi ndani ya mwaka. Hiyo haina mafuta wala dawa ya kuizuia usije ukauziwa kitu. Lakini kama ni vipande, basi hilo liko mikononi mwako na mikononi mwa anayekusuka.

Ndo maana nakuomba sana jumamosi usiende kuweka zile rasta ndogondogo ndefu ulizozisema. Najua umeshanunua, zitakaa haziozi. Kishina kimoja cha nywele zako nyembamba kubeba rasta mpaka kiunoni ni uonevu, na kwenye paji ndo pa kwanza kuondoka. Ukisukwa ukaona vipele vimetoka kwenye mashina au kichwa kinagonga usiku hulali, usivumilie ati zitalegea, fumua usiku huo huo. Nywele za paji zikivutwa miaka na miaka mashina yanakufa na hazirudi tena, nimeshika vichwa vya kina mama wengi hapa ambao paji limerudi nyuma na wanaficha kwa kitambaa, inaniuma kila nikiwaona.

Suka twende kilioni ya nywele zako mwenyewe, mistari mikubwa kiasi, isivutwe. Au mabutu. Au uzi kama walivyokuwa wanatusuka bibi zetu, unazinyoosha bila moto, ila mwambie asikaze chini kwenye shina. Kaa nazo wiki mbili fumua osha pumzika. Na dawa ya kunyoosha usikubali hata wakikwambia ni ya watoto, kazi ya dawa ni kuvunja vifungo vya ndani ya unywele na kwenye unywele mwembamba inavunja haraka sana, dakika ambazo nene zinaanza kulegea zako zimeshapitiliza. Pasi ya nywele kwenye nywele mbichi nayo usithubutu, maji yanachemka humo humo ndani yanatoboa.

Mafuta: acha ile siagi ya shea nzito na mafuta ya nyonyo kila siku, yanazilaza tu zinashikana na vumbi. Tumia ya nazi, na utumie kabla ya kuosha, usiku unapaka kwenye nywele (kwenye ncha zaidi) asubuhi unaosha, mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele na yanazuia zisipoteze protini wakati wa kuosha, sio yote yanaweza hivo. Mama atakukamulia ya nazi za hapa hapa nikutumie kwa basi. Mayai ya kupaka kichwani mpe shemeji ale, protini yake ni kubwa haipenyi. Kuchana ni zikiwa na maji na kondishna, vidole kwanza, alafu chanuo la meno mapana, unaanzia kwenye ncha unapanda juu. Usiku funga kitambaa cha satini.

Kuna kitu kimoja tu ambacho kikiwepo uache yote haya uende hospitali. Jitazame utosini, mwambie shemeji apige picha kwa juu. Kama pale katikati pamepungua, pamekuwa laini panang'aa, panawasha au panauma ukigusa, usinyamaze na usipake kitu, kuna ugonjwa unaowapata sana wanawake wa kiafrika unaanzia hapo utosini na unaua mashina taratibu, ukiwahi unazuilika. We uko Moshi, hospitali ya KCMC hapo wana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, watu wanasafiri kutoka mbali kuja hapo na we uko karibu. Ukienda waambie pia umejifungua, na waulize kama wakupime damu, upungufu wa damu nao unanyonyoa nywele.

Jipime jumapili kukiwa na mwanga wa mchana, nipigie picha ile karatasi nyeupe na nywele zote nne umeziandikia imetoka wapi, na ile ya utosini, nitumie. Na rasta ulizonunua usizitupe, nikija mwezi wa nane nitakusuka mwenyewe chache na fupi za mabegani, nitakuja na mafuta mengine.

Mbusu mtoto.

Ni mimi shosti wako,
Tanga